Mazoezi Yahamie Nyumbani: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

YAH: MAZOEZI YA VIUNGO KWA WATOTO WENYE MTINDIO WA UBONGO

Nimestaafu, ndiyo maana naandika hadharani. Mtumishi aliye kazini hupitisha maoni yake kwa mganga mfawidhi, mganga mfawidhi huyapeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na yakifika Dodoma, kama yatafika, yamekwisha kulainishwa hadi hayamuudhi mtu wala hayamsaidii mtu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilisomea Moshi, nikafanya kazi katika hospitali za wilaya huku mkoani Tanga, na hadi leo akina mama wananibishia hodi nyumbani na watoto mgongoni.

Ninalotaka kusema ni moja. Tiba ya watoto hawa tumeiweka mahali pasipo pake. Tumeiweka mikononi mwa mtaalamu, juu ya kitanda cha hospitali, kwa nusu saa, mara moja au mbili kwa mwezi. Mahali pake ni nyumbani, katika kulishwa, kuogeshwa, kubebwa na kucheza, na mwenye kuifanya ni mtoto mwenyewe akisaidiwa na yule anayemlea. Sisi wenye vyeti tunatakiwa tuwe walimu wa jambo hilo. Kwa sasa sisi ndio tumekuwa tiba yenyewe, na ni tiba ndogo mno.

Siku ya mazoezi ilivyo unaijua. Mama ameshuka kwenye bodaboda na mtoto wa miaka sita aliyekakamaa mapaja hata hayaachani vizuri kumkumbatia mbebaji. Nauli ya kwenda na kurudi ingenunua unga wa siku kadhaa. Anapanga foleni. Zamu yake ikifika, mtoto analazwa chali, mtaalamu anamkunja nyonga, goti, kifundo cha mguu, anashikilia, anahesabu kimoyomoyo, anahamia mguu wa pili. Mtoto analia. Mama anatazama ukutani. Halafu jina linaandikwa kitabuni, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili, na yeye akirudi kijijini anawaambia jirani zake kwamba alimpeleka mtoto mazoezini.

Nani amefanya mazoezi hapo? Mtaalamu. Kajikunja, kanyanyua, katoka jasho. Mtoto amefanyiwa. Hakuna aliyejua kuogelea kwa kunyooshwa mikono kandokando ya maji.

Naomba nieleze sababu ya kitaalamu, maana najua barua hii itasomwa pia na madaktari ambao fiziotherapia waliipitia haraka chuoni. Katika mtindio wa ubongo kilichoumia ni ubongo, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo: mtoto aliyechelewa kulia, aliyezaliwa njiti, aliyepata manjano makali siku za kwanza bila kuwekwa kwenye mwanga, aliyepigwa na malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo. Msuli wenyewe haukuwa na kasoro. Unakakamaa kwa sababu amri inayoufikia si sahihi, na kadiri mfupa unavyorefuka, msuli usiotumika ipasavyo unabaki nyuma. Sasa sisi tunaushika msuli huo dakika moja au mbili na kutarajia urefuke. Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Tardieu walichapisha jibu la swali hilo hilo: msuli wa shavu la mguu uvutwe kwa muda gani kila siku ili usifupike? Watoto ambao msuli wao ulikuwa katika hali ya kuvutika kwa saa sita hivi kwa siku hawakupata ufupi. Wale wa saa mbili waliendelea kuupata. Saa sita, Ndugu Mganga Mkuu, na kila siku. Sisi tunatoa nusu saa, mwili mzima, kila baada ya wiki mbili.

Zaidi ya hapo, mapitio makubwa ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017 yalijumlisha tafiti 49 kuhusu kunyoosha viungo vilivyofupika au vilivyo hatarini kufupika, kwa watu wa maradhi mbalimbali yakiwemo ya ubongo. Yalihusisha kunyoosha kwa mikono, kwa plasta na kwa vifaa, kwa muda usiozidi miezi saba. Tofauti iliyopatikana katika kujongea kwa kiungo ilikuwa ndogo hata haina maana kwa mgonjwa. Kwa hiyo simwambii mama kwamba akimnyoosha mwenyewe nyumbani kila asubuhi atapata kile ambacho hospitali imeshindwa kumpa. Kuhamisha kilio kutoka kitanda cha hospitali kwenda kitanda cha nyumbani si mageuzi.

Kinachofanya kazi ni kitu kingine, na si siri. Iona Novak wa Australia na wenzake walipitia ushahidi wote wa tiba za watoto hawa mwaka 2013, wakarudia mwaka 2020, wakazipanga kwa rangi za taa za barabarani. Upande wa kijani wamo mazoezi yenye lengo ambalo mtoto na mzazi wamelichagua, mazoezi ya kufanya jambo lenyewe halisi, programu za nyumbani ambazo mzazi amefundishwa na kufuatiliwa, na ile njia ya kuuzuia mkono mzima ili mkono dhaifu ufanye kazi. Kunyooshwa na mtu mwingine kulipata alama duni. Hata njia ya Bobath katika sura yake ya zamani, ile ya mtaalamu kumwongoza mtoto kila hatua, ilipata alama duni, na hiyo ndiyo iliyotawala vyuo duniani kwa miongo mingi.

Nasema hivi bila kumdharau Berta Bobath. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akaenda London, na katika miaka ya 1940 yeye na mumewe Karel, daktari, waliwapa watoto hawa kitu ambacho wakati ule hawakuwa nacho: mtu anayewatazama kama watu wanaoweza kubadilika. Kabla yao, sehemu nyingi mtoto alifungwa vyuma miguuni akasahauliwa. Wao wenyewe waliendelea kuirekebisha njia yao hadi walipofariki, wote wawili, mwaka 1991. Ajabu ni kwamba walimu walibadilika na wanafunzi wa wanafunzi wao wakaganda.

Hapa kwetu kuna jambo jingine lililoipa nguvu tiba ya kulaza na kunyoosha: ilifanana na tuliyoyajua. Mtoto mchanga wa pwani hukandwa. Bibi humwekea maji ya vuguvugu, humpaka mafuta ya nazi, humchua mgongo, humkunja na kumkunjua, na mtoto hulala usingizi mnono. Mtoto akichelewa kukaza shingo, wa kwanza kufuatwa ni mkandaji. Kwa hiyo mama anapokuja hospitali akamwona mtu mwenye koti jeupe anakanda na kukunja, anaona ni ileile, ila hii ina risiti. Nami sina ugomvi na kukandwa. Mikono yenye upendo juu ya mwili unaouma hutuliza, na mtoto aliyekakamaa anaumwa kuliko anavyoweza kusema. Mama aliyekanda ameujua mwili wa mwanawe. Nampinga mkandaji, wa kijijini au wa hospitalini, anayelazimisha. Mtoto asiyesimama mifupa yake ni myembamba, na paja linaweza kuvunjika mikononi mwa mtu mwenye nia njema.

Ipo pia desturi ya kuchimba shimo na kumsimamisha mtoto humo, udongo au mchanga umfikie kiunoni. Wenzangu vijana kazini wakiisikia hucheka. Wasicheke. Tukiongeza meza ndogo mbele yake na kitu cha kuchezea, tukihakikisha nyayo zimetua na magoti hayapindi, tukamtoa akichoka, hicho ni kifaa cha kusimamia kilichogharimu jembe. Bibi aliyekichimba alitaka mtoto asimame. Huo ni mtazamo sahihi kuliko wa yule anayetaka pembe ya kifundo cha mguu iongezeke.

Sasa tiba ninayoitaka ikoje? Inaanza kwa swali kwa mama: unataka aweze nini? Wengi hujibu, atembee. Ukingoja kidogo, ukimpa kigoda akakaa, jibu la pili linakuja. Nataka akae mwenyewe wakati ninasonga ugali. Nataka ashike kikombe. Nataka mapaja yaachane niweze kumsafisha. Nataka anieleze haja kabla hajajichafua. Kila moja la haya ni programu kamili ya mazoezi. Chukua la ugali. Mtoto anayekaa kwa kuinamia mbele anahitaji kuegemezwa nyonga zisiteleze, miguu itue chini, na mbele yake kuwe na kitu anachokitaka, sufuria na mwiko kwa mfano. Akinyoosha mkono kuufuata mwiko, shina la mwili linafanya kazi. Akianguka kidogo na kujirudisha, ubongo umejifunza. Mkono wa mama uko kiunoni mwake, mwepesi, na kila wiki unapunguza msaada. Ustadi wa mikono katika kazi yetu ndio huo, kujua ijitoe lini, na unafundishika. Nimeona wadogo wa mgonjwa, watoto wa miaka minane, wakiujua kuliko wanafunzi wa mwaka wa pili.

Kwa mtoto aliyepooza upande mmoja, mkono mzima unavikwa soksi nene kwa muda maalumu wa siku, mama akiwapo, na mchezo unaendelea: kubandua maganda ya machungwa, kutumbukiza mbegu za ukwaju kwenye kopo. Asili ya njia hii ni majaribio ya Edward Taub wa Marekani, na huko ina jina refu. Huku inahitaji soksi na subira.

Kiti kinachohitajika si lazima kitoke Ulaya. Bevill Packer, mwalimu huko Zimbabwe, alionyesha zamani kwamba maboksi na magazeti makuukuu, yakigandishwa kwa gundi ya uji wa unga na kukaushwa juani, yanatoa samani imara inayobeba mtu. Kiti cha karatasi kinakatwa kwa kipimo cha mtoto huyu, mwenye nyonga hizi, na kinabadilishwa akikua. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, tuna TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho kimewafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi wa nchi nyingi za Afrika. Utaalamu upo. Wilayani hakuna bajeti ya kununua hata gundi. Na niseme wazi kiti ni cha nini, kwa kuwa nimekwisha kukubali kwamba hakitarefusha msuli: kiti kinampa mtoto mikono yake, macho yake na koo lake.

Koo nalitaja kwa makusudi. Hapa naomba usome taratibu.

Mwaka 2017 watafiti wa Uganda wakiongozwa na Angelina Kakooza-Mwesige walichapisha matokeo ya kuwatafuta watoto hawa nyumba kwa nyumba katika eneo la Iganga na Mayuge. Walikuta karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila watoto 1,000. Hiyo ni Busoga, wakulima kama sisi. Kisha waliwarudia watoto walewale baada ya miaka michache kuona wanaendeleaje. Katika taarifa iliyotoka mwaka 2020, kiwango cha vifo miongoni mwao kilikuwa takriban mara 25 ya kile cha watoto wengine wa eneo hilo. Yaliyotajwa sana kuwa yamewaua ni upungufu wa damu, malaria na maambukizi mengine, na waliokuwa hatarini zaidi ni wenye utapiamlo na wale ambao mwendo wao uliathirika vibaya.

Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kukakamaa. Tunahangaika na pembe ya goti la mtoto ambaye hali akashiba. Mama anamlisha akiwa amelala mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, uji mwepesi unamiminwa, mtoto anapaliwa, uji unaingia kifuani, baada ya mwezi tunaandika nimonia. Mlo mmoja unachukua saa nzima, na ipo milo mitatu, na mama ana watoto wengine na shamba. Kumfundisha mama kumkalisha wima, kidevu kikiinama kidogo, kumwekea uji mzito badala ya mwepesi, kutumia kijiko kidogo kinachobonyeza ulimi, kungoja ameze kabla ya kijiko kingine: hilo ni zoezi la viungo kuliko mengi tunayoyaita hivyo. Katika hospitali zetu nyingi halimo katika nusu saa ya kitandani, kwa sababu kitandani hakuna chakula.

Muda nao hautusubiri. Mwaka 2002 watafiti wa Ontario, Kanada, walichora mistari ya ukuaji wa mwendo kwa mamia ya watoto hawa. Mwenye athari nyepesi alifikia karibu sehemu tisa kati ya kumi za uwezo wake wa mwendo akikaribia miaka 5. Mwenye athari kubwa alifikia hapo kabla ya kutimiza miaka 3. Tazama kadi za wagonjwa wetu uone wengi walianza wakiwa na umri gani. Miaka miwili, mitatu, minne, baada ya kuzungushwa. Nyumbani mama ameshaambiwa mtoto kabemendwa na kosa ni lake. Ameshauza mbuzi kwa mganga. Ameshaombewa. Zahanati imemwambia subiri, watoto wengine huchelewa.

Dalili zenyewe zingeonekana na mtu yeyote aliyefundishwa asubuhi moja: shingo haijakaza ikifika miezi minne, ngumi hazifunguki, miguu inapishana kama anataka kuifunga, au mtoto wa miezi minane anatumia mkono mmoja tu na watu wanafurahi kwamba atakuwa wa shoto. Tena tunajua pa kuwatafuta. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kulia, kwa mikono, kitambaa na mfuko wa kupulizia hewa, ndani ya dakika ya kwanza. Katika hospitali 8 za hapa nchini, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2013, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Ni moja ya kazi za afya ambazo nchi hii ina haki ya kujivunia mbele ya yeyote. Mtoto aliyeokolewa pale ana jina, ana mama, ana kadi ya kliniki. Kwa nini kadi yake isipigwe alama, ili akija kupimwa uzito miezi mitatu baadaye muuguzi amlaze kwa tumbo aone kama anainua kichwa? Hili halihitaji mashine. Linahitaji waraka wenye sahihi yako.

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikisha wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Nimeshuhudia miradi ya utengamao ikija na magari na kuondoka na magari, kwa hiyo siombi mradi mpya. Naomba siku tatu ndani ya mafunzo ya wahudumu hawa. Siku ya kwanza, dalili na namna ya kuzungumza na mama bila kumtisha wala kumdanganya. Siku ya pili, kulisha, kukalisha, kubeba. Siku ya tatu waende kwa familia yenye mtoto kama huyu, na mwalimu wao awe mama wa familia hiyo, naye alipwe posho ya mwalimu. Mtaala wa kuanzia upo: mafunzo kwa wazazi yaliyotokana na kazi ya Hambisela ya Eastern Cape, Afrika Kusini, yakaendelezwa na watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine na kujaribiwa Bangladesh. Wazazi hukutana kwa vikundi, wanajifunza kwa kuonyeshana, na baadhi yao huja kuwa waendeshaji wa vikundi vingine. Hutolewa bure. Kinachobaki ni kuyaweka katika Kiswahili cha watu, na naomba tusipewe sisi wataalamu peke yetu kazi hiyo, tutaiharibu kwa maneno ya semina.

Wenzangu wa taaluma watanung'unika kwamba nawanyang'anya kazi. Kazi ya mikono yao haijaisha, na baadhi yake hatuifanyi. Naitaja moja inayoniuma zaidi, nyonga. Katika jimbo la Victoria, Australia, utafiti wa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye mtindio wa ubongo nyonga zao zimeanza kutoka mahali pake, na kadiri mtoto asivyoweza kusimama ndivyo hatari ilivyo kubwa. Hutoka taratibu, bila kelele. Kufikia wakati mama anasema mtoto analia akibadilishwa nguo, mara nyingi upasuaji mdogo umeshapitwa na wakati. Kusini mwa Sweden tangu mwaka 1994 kila mtoto huwekwa kwenye rejista, hupimwa na mtaalamu wa fiziotherapia kwa ratiba na kupigwa picha za nyonga. Kuteguka kabisa, ambako hapo kabla kulimpata karibu mtoto 1 kati ya 10, kulikaribia kutoweka. Hatuna fedha za Sweden. Ila mashine za eksirei ziko katika hospitali nyingi za wilaya, na mtaalamu anayeweza kupima mapaja yanaachana kiasi gani na kumwandikia daktari ombi la picha yupo. Anachofanya saa hiyo ni kunyoosha.

Ananyoosha kwa sababu ndicho kinachohesabiwa. Kitabu cha MTUHA, kile cha taarifa za huduma za afya, kinataka mahudhurio, na mahudhurio hujaa haraka ukilaza watoto mmoja baada ya mwingine. Mtaalamu akitumia asubuhi nzima kijijini na akina mama kumi, kiti kimoja cha karatasi na sufuria ya uji, taarifa yake ya mwezi inaonekana tupu na posho ya safari haipitishwi. Badilisha kinachohesabiwa. Iandikwe: walezi wangapi wamefundishwa na wameonyesha kwa vitendo kwamba wanaweza, watoto wangapi wameongezeka uzito, wangapi wamepigwa picha ya nyonga mwaka huu, wangapi wamefikia lengo walilochagua na mama.

Na iandikwe ngazi ya mtoto. Ule mpangilio wa ngazi tano za mwendo uliotoka Kanada mwaka 1997 hauhitaji zaidi ya macho na maswali machache kwa mzazi. Ukijua ngazi, unaweza kumjibu mama anayeuliza atatembea lini. Tunalikwepa swali hilo. Tunasema endelea na mazoezi, Mungu ni mwema, na mama anaendelea kuuza vitu kulipia nauli kwa miaka akisubiri hatua ambazo tulijua tangu mtoto ana miaka mitatu kwamba hazitakuja. Mtoto wa ngazi ya tano hatatembea. Anaweza kukaa kwenye kiti chake mezani na wenzake, kula bila kupaliwa, kuchagua kwa macho kati ya embe na ndizi, kwenda shule ambayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema ana haki nayo. Mama akiambiwa ukweli huo na mtu aliyekaa naye chini, atalia siku hiyo. Baadaye ataacha kumtafuta mkandaji mkali kuliko wa jana.

Kuhusu akina baba nina machache. Wengi huondoka, wengine hubaki wakiwa hawajui la kufanya, kwa sababu kila aliyevaa koti jeupe huzungumza na mama tu. Kiti cha karatasi ni kazi ya mikono na baba hupenda kazi yenye kipimo na kisu. Baba akiitwa kutengeneza kiti, huja. Naomba wito wa vikundi uandikwe kwa majina ya wote wawili.

Najua utaniuliza fedha. Mkutano wa Afya Duniani wa Mei 2023 ulipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya kawaida ya afya, na nchi yetu ni mwanachama. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ilipitishwa mwaka huohuo. Kitita cha mafao kinapopangwa, hakikisheni ziara ya mtaalamu kijijini na kiti cha mtoto vimo, badala ya kulipia "kipindi cha mazoezi" hospitalini. Tukilipia vipindi, tutapata vipindi.

Nipo tayari kuja Dodoma kwa nauli yangu nikiitwa, na nitakuja na mama mmoja anayejua kulisha kuliko mimi. Kwa kuanzia, naomba mambo mawili yafanyike kabla ya bajeti ijayo: waraka wa kufuatilia watoto waliochelewa kulia na waliopata manjano makali, na zile siku tatu katika mafunzo ya wahudumu wa jamii.

Naomba kuwasilisha.

Mtaalamu mstaafu wa fiziotherapia,
Korogwe, Tanga

Nakala:
Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais – TAMISEMI
Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya (wenye haraka wasome walau sehemu ya uji na ya nyonga)
Wakuu wa vyuo vinavyofundisha fiziotherapia
Vikundi vyote vya wazazi